Mvumo

Usiiguse kwanza. Hata ukiizima
hubaki na umeme tumboni, kama mtu
aliyesamehe kwa mdomo tu.
Shika risista kwa mkono mmoja,
wa pili utie mfukoni,
umwage kapasita polepole kwenye bati.
Mita ikisoma sufuri, ndipo uvute kigoda.

Baba alinifundisha hivyo nikiwa darasa la tano,
Lushinge Ng'wandu, gitaa la pili,
bendi ya kiwanda cha nguo.
Kaka zangu walichukua kiwanja cha Buswelu.
Mimi nikaachiwa amplifaya,
kilo ishirini na moja, mbao imeliwa na mende.

Nikaiwasha Kirumba, chumba cha nyuma
cha duka la barafu la Mama Kabula.
Valvu nne zikawaka rangi ya papai bivu,
na kabla sijagusa uzi hata mmoja:
mmmmmmmmm.

Nikaanza kuusaka.
Nikagonga valvu moja moja kwa kitako cha penseli.
Ya kwanza ikalia kama kengele ya baiskeli,
nikaitoa. Kapasita kubwa
zilikuwa zimefura kama maandazi, nikazitoa.
Waya za kupasha valvu moto nikazisokota
kama nywele za mtoto wa shule,
zikalala chini, karibu na ngozi ya bati.
Ethi zilikuwa tano, kila moja na kwake,
zinatembeleana usiku kucha kama wambea.
Nikazifunga zote kwenye skrubu moja.
Nikazima taa ya tyubu. Ile chwaaa ikakatika nusu.
Nikageuka na gitaa: nikitazama transfoma ya mtaa, linanguruma;
nikitazama ziwa, linatulia.
Nikakaa natazama ziwa.

Kisha sauti. Besi kidogo, isije ikaimeza ngoma.
Gein namba tatu, si zaidi.
Volyumu ndiyo uipandishe,
valvu za nyuma zitoke jasho kidogo,
noti ipasuke pembeni tu,
kama ganda la karanga chini ya kidole.

Mvumo ukabaki uzi mwembamba,
siku nne siujui unakotoka,
hadi friji la Mama Kabula likabofya, likanyamaza,
nao ukanyamaza.
Kwa mara ya kwanza nikasikia chumba:
wadudu wa ziwa wakigonga kioo,
na mimi mwenyewe nikipumua.

Nikaweka kanda ya baba, nikapiga naye.
Hatukupatana.
Yeye yuko juu yangu, kwa unywele tu,
na unywele huo unauma meno.
Miaka yote tulisema redio ile ina haraka.
Masele wa besi, aliyekuja kuchukua spika yake,
akasikiliza, akakuna kidevu, akasema:
"Subiri friji liwake."

Likawaka. Mmmmm.
Nikakaza uzi wa tatu nikiufuata mvumo,
mawimbi yakipigana, wau-wau-wau,
wau... wau...
yakaacha.
Nikarudisha kanda. Tukawa watu wawili
katika noti moja.

Kumbe hakuwa na hela ya kapasita.
Alichukua kelele asiyoweza kuiondoa
akaifanya mzizi wa wimbo,
bendi nzima ikapanda juu kuifuata umeme,
hata mpiga saksafoni, Masele anakumbuka,
akisukuma mdomo wa chombo ndani na kulalamika.

Kapasita za zamani zimo kwenye kopo la chai.
Sijazitupa, sijui nazitunzia nini.
Jumamosi tuna harusi Nyegezi.
Amplifaya ni safi, ukiiwasha
utadhani haijawashwa.
Ila gitaa nitaliacha pale alipolipandisha baba,
unywele mmoja juu ya wenzake.
Mpiga kinanda na anune.