Rahisi

Noreen alishuka na masanduku mawili na birika la umeme
ambalo plagi yake haiingii ukutani mwangu.
Pensheni ya kule kwao, Hull, humalizwa na hita kabla ya Februari;
hapa Sarandë atakula samaki mara mbili kwa wiki.

Neno letu la kwanza mdomoni mwake: lirë. Rahisi.
Nyanya rahisi. Zeituni rahisi. Daktari wa meno, ah, rahisi!
Sijamwambia kwamba neno hilohilo
ndilo tunalomwitia mtu aliye huru.
Muuza nyanya hutabasamu tu, anafunga mfuko.

Analala chumba cha Besnik.
Besnik anapiga plasta Hamburg,
hunipigia Jumapili, akisinzia katikati ya sentensi.
Juu ya paa nondo zimechomoza, zina kutu,
zinaingoja ghorofa yake tangu aliponyoa ndevu za kwanza.
Noreen alidhani ni antena.

Mezani nilitikisa kichwa, yaani ndiyo, chukua;
akarudisha mkono.
Nikakiinamisha, yaani hapana, hiyo ya jana;
akajipakulia tele.
Alikula byrek iliyochacha kwa adabu zote za Uingereza.

Kodi yake ya Machi imenunua saruji, mifuko mitatu.
Imekaa chini ya ngazi, inavuta unyevu.

Juzi umeme ulikatika. Akaja na mshumaa, miguu mitupu,
akauliza kaburi hapa ni bei gani.
Kichwa changu kilikwenda upande fulani.
Alishukuru, akarudi kulala.