Mgongo

Tulikuwa tisa kwenye ukingo wa Ngozi,
mikuki tumeipaka samli isishike kutu.
Ukungu ule si huu unaoujua wewe,
unaopanda Poroto alfajiri na kutoweka jua likikolea.
Ule ulikuwa na meno.
Ulitoka ziwani usiku wa mavuno ya pareto,
ukala ndama, ukala mwanga wa taa,
ukatujia.

Wanane walisimama.
Mimi nilisikia mwanzi ukivunjika
na miguu yangu ikaamua bila kuniuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sisemi hivyo kujitetea:
Asegelile alikuwa na kumi na mitano.

Jina langu Ndimbumi. Niko hai, ndiyo maana yake.
Hebu fikiria kuitwa hivyo
mbele ya mama wanane.
Wakanivua jina kama walivyonivua ngao,
wakanipa la kile alichokiona adui:
Mgongo.
Mgongo, lete kuni. Mgongo, viazi havijapaliliwa.
Asubuhi kijiji kizima ni ugonile, ugonile;
salamu ikinikaribia inakata kona.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko.
Kwetu hakikufika.
Baba alihamishia kigoda chake nyuma ya nyumba
asionane na wapita njia.

Misimu mitatu nikabeba
kuni, maji ya Kiwira, magunia ya viazi kupanda Isongole,
hadi uti wangu ukaujua uzito
kuliko mkono wangu ulivyowahi kuujua mkuki.
Siku moja, gunia limenilalia, mvua inapiga upandeupande,
nikamsikia mwanamke akimwambia mtoto
aliyegoma kutembea kwenye tope:
"Haya, panda. Mgongo ni wa nini?"

Nikasimama pale pale na gunia langu.
Mgongo ni wa nini.

Usiku ule nilikwenda bila mkuki.
Nilichukua mbeleko kuukuu, ile aliyonibebea mama,
nikapita kwenye mianzi, kwenye migomba mwitu,
nikateremka ukingo kwa makalio, kitoto.
Ukungu ulikuwa umeketi juu ya maji kama mwenye nyumba.
Na ndani yake walikuwa wamesimama bado,
wote wanane, macho wazi,
baridi imewatunza kama mbegu.

Nikaugeuzia ukungu kile unachokifahamu.
Nikachuchumaa, kama unavyomchuchumalia mtoto,
nikamvuta Lwitiko, nikamfunga.
Ukaninusa shingo.
Ulizoea kula nyuso. Ulizoea kufukuza.
Haukuwahi kuona kitu kinachoondoka
bila kukimbia.
Sikukimbia. Vita yangu yote ilikuwa hiyo:
kutembea.

Kesho yake Subilaga, nywele zake zimeganda shanga za barafu.
Kisha mapacha wa Mwangosi, usiku mmoja,
kwa sababu sikuweza kuchagua.
Kila mmoja nilimlaza mlangoni kwa mama yake
kabla ya jogoo. Sikubisha hodi.

Usiku wa tano magoti yalinigomea penye daraja la magogo.
Nilipoinua uso nikaona mwenge,
na chini ya mwenge kigoda,
na juu ya kigoda baba.
Hakusema neno. Alinimulikia hadi kijijini,
yeye mbele, mimi na mzigo wangu nyuma,
akikohoa kila nilipotaka kulala.

Alfajiri ya sita mama yake Asegelile alikuwa nje, jembe begani.
"Saba," alisema.
Hakusema ahsante. Simsingizii msamaha.
Aliniangalia viatu, ambavyo havikuwepo.
Akaingia ndani, akatoka na mbeleko
yenye harufu ya moshi na maziwa ya zamani,
akanifunga mwenyewe kifuani, fundo juu ya fundo,
akakaza hadi nikakosa pumzi.

"Amebaki wangu," alisema.
"Ni mzito, Ndimbumi. Yule alipenda kula."