Sikuuzii Hii

Dalali wa kwanza alinijia na viatu vinavyong'aa,
mkononi simu mbili, mdomoni kijiti.
Lete elfu ishirini ya kuonyeshwa, akasema,
ndipo miguu ipate nguvu.
Nikatoa.
Akanipitisha Shangani, akanipitisha Rahaleo,
mlango hata mmoja hakuugonga.
"Dada, gesi ikichangamka utanishukuru."
Nikamuuliza maji ya bomba hutoka siku gani.
Akatazama simu ya kushoto.
Nikamuuliza jirani ni nani.
Akatazama ya kulia.

Miaka kumi na mmoja nimepanga Magomeni,
chumba na sebule, choo cha zamu.
Nikitoka wodini usiku nanyata kwangu mwenyewe,
viatu mkononi,
mtoto wa mwenye nyumba asije akaamka.
Fedha zangu nimezikusanya kama mama abanguavyo korosho:
moja moja, na mafuta ya ganda yakiunguza vidole.
Si fedha ya kumpa mtu asiyejua jirani.

Ndipo Sharifa wa maabara akanitajia Somoe Nachinuku.
"Yuko Chuno, anauza mkaa na vocha.
Usiangalie kibanda."
Nikaangalia kibanda. Nani asingeangalia?
Paa la turubai, benchi la mguu mmoja mfupi,
daftari la shule lenye jalada la twiga,
na ndani yake viwanja, vyumba, magomvi ya mipaka,
vyote kwa penseli.
"Mbona penseli?"
Akanifunulia ukurasa wa nyuma,
umekatwa msalaba kutoka pembe hadi pembe.
"Bei za mwaka ule wa gesi
niliziandika kwa wino."

Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Aliuliza nikitoka zamu hulala saa ngapi,
na mama magoti yake yanapanda ngazi?

Nyumba ya Chikongola niliipenda kabla sijashuka kwenye bajaji:
baraza la saruji nyekundu, mlimao, bati la buluu.
Bei ilinikaa kama nguo iliyopimwa na fundi.
Nikasema, naitaka hii.
Somoe akafunga daftari.
"Hii sikuuzii.
Warithi ni saba. Sita wametia saini.
Wa saba yuko Montepuez anachimba mawe,
hajui kama baba yake amezikwa.
Atakuja siku moja na begi lake,
atakaa kwenye baraza hilo hilo,
nawe utamwambia nini?
Na bati hilo si jipya. Limepakwa rangi juzi."

Nilikasirika, nisiseme uongo.
Njia nzima sikumsemesha.
Usiku nikapiga hesabu ya kwake:
asilimia kumi ya bei ile ni magunia mangapi ya mkaa?
Naye ameitema kama kokwa.

Miezi minne tukazunguka.
Nyumba ya Chuno aliichelewesha makusudi
mpaka mvua ya Februari iliposhuka kwa hasira.
"Twende sasa," akasema, kanga kichwani,
matope mpaka kwenye vifundo.
Akagonga kwa jirani, bwana Chilumba, fundi baiskeli,
naye akatoka akitafuna, akatuonyesha kwa kidole:
maji hupita pale, yakazidi hufika hapa,
ndani hayajawahi kuingia.
Kisha Somoe akanishika mkono,
akanigusisha ukuta wa jikoni.
"Huu ni ufa. Mwenye nyumba hakutaka uuone.
Ukinunua, umeununua na huu."

Siku ya kuandikiana mbele ya mtendaji
alitoa mfukoni kalamu ya wino
ambayo sikuwahi kuiona.

Yule wa simu mbili bado hunipigia.
Ana kitu kizuri Ligula, cha haraka, kuna mtu anakigombea.

Nami nikitoka zamu usiku
bado navua viatu kizingitini,
bado nanyata,
na mama, kutoka chumba cha nyuma, gizani:
"Unamwibia nani?"