Mashine ya Januari Mosi

Radi ya saa tisa, ile ya Kakamega isiyobisha hodi,
ilifuata waya wa stima
ikaingia ofisini kabla mama hajachomoa plagi.
Kompyuta ikakohoa mara moja, ikanyamaza
katikati ya jina la marehemu.

Nimeilaza ubavu juu ya gazeti la Jumanne.
Skrubu saba. Ya nane ilitoroka kitambo.
Ndani, vumbi jekundu la Lurambi limeshonana kuwa blanketi,
mende wawili wakavu,
na sarafu ya shilingi tano.
"Ndiyo hiyo!" mama anaruka. "Na nilimsingizia Mmbone."

Vitabuni huitwa ubaomama.
Mukolwe, kule nyuma ya stendi, hufupisha:
"Dada, mada ndiyo hii,"
akanipa imefungwa kwa pakiti ya unga,
elfu tatu na mia tano, bongo lake likiwa juu,
na kumbukumbu mpya nyongeza,
maana ile yako haitaingia, pengo lake liko kwingine.

Mama anasogeza kiti.
"Kwa hiyo unamng'oa mama?"
"Namng'oa, mama."
"Na mimi nimeketi papa hapa."

Kapasita tano zimefura vichwa, zinatoka ute wa kahawia.
Kumbe haikuwa radi peke yake.
Ilikuwa inaugua, nasi tukiibonyeza tu.

Natoa waya mmoja mmoja nikiutaja kwa sauti,
ili mikono ikumbuke njia ya kurudi.
Ni wangapi wamepita kwenye kibao hiki wakienda kaburini?
Alizaliwa, alisomea Shinyalu, ameacha mjane na watoto sita.
Aliyemalizwa na chang'aa, mama alimwandika
"aliugua kwa muda mfupi",
na hakumtoza mjane neno hilo.

Betri ya saa, ile ndogo kama kifungo cha koti,
ilikufa nikiwa darasa la sita.
Tangu hapo mashine iliamka kila siku ikiapa
kwamba ni Januari mosi, elfu mbili na tatu.
Kila asubuhi mama akavaa miwani,
akaieleza polepole leo ni lini,
kama mtu anayemwamsha mgonjwa.
Siku aliyosahau, mzee Lijodi
alizikwa miaka tisa kabla ya kufa, kwenye karatasi,
na mashemeji wakazozana hadi jioni.

Mada mpya inakaa. Tundu zinalingana, nashukuru.
Lakini diski ya zamani ina mkia mpana
na huku hakuna pa kuuchomeka.
Narudi kwa Mukolwe mvuani, kiunganishi, mia nne.
Nawasha: feni inazunguka, mama anapiga makofi,
kisha kioo kizima kinageuka buluu.
Diski imefumbua macho
haimjui aliyeibeba.

Tulilala na hiyo buluu.

Sitaeleza niliyoyafanya usiku,
mengine sikuyaelewa, mengine yalikuwa matusi.
Saa kumi na mbili imeamka yenyewe.
Mama anavaa miwani, anainama kwenye kona ya kioo,
anatazama kalenda ya Sacco ukutani,
anarudi kwenye kona.
"Nani ameiambia?"
"Ina betri mpya."
Anaufikisha mshale kwenye saa,
anafungua, anasoma mwaka, mwezi, siku, midomo ikitembea,
hagusi kitu,
anafunga.

"Ule wa zamani usiutupe," anasema bila kugeuka.
"Uweke kabatini. Una watu."

Watu wako kwenye diski, ningemwambia.
Nimeupangusa kwa brashi ya viatu,
nikaufunga kwa gazeti la Jumanne.
Mlangoni mtu anakung'uta mwavuli, ana picha mkononi,
na mama tayari anamuuliza:
alizaliwa lini?