Kipande cha Kumi na Saba

Łódź, Februari, saa mbili asubuhi.
Theluji ya dirishani ina rangi ya majivu.
Nawasha mashine ya kuvuta; inakohoa, inatulia.
Mezani vipande ishirini, vyembamba kiunoni,
vipana kichwani na miguuni, kama mifupa ya kuchezea mbwa.
Mwezi uliopita vilikuwa bampa za magari yaliyogongana
na vikopo vya mtindi vyenye picha ya stroberi.

Tulivisaga, tukaviosha, tukaviyeyusha.
Nyuzi mia mbili za joto, kisha nyuzi za kitani:
plastiki hii hulegezwa kwa nyuzi, hushikwa kwa nyuzi.
La kuvunda halina ubani. Mdomo wa mashine ulipofunguka
mtindi ulifufuka, na sabuni, na petroli,
Ludomir akafungua dirisha
na baridi ikaingia bila hodi.

Mama yangu alisokota pamba mtaa wa pili kutoka hapa,
miaka ishirini na sita, zamu ya usiku.
Kiwanda sasa kinauza viatu na aiskrimu.
Nikishika kitani namkumbuka, ingawa hakukigusa,
ila vidole vyake vilivyokuwa na mikwaruzo
ambayo losheni haikuiweza.

Kitani hupenda maji. Plastiki huyakimbia.
Walaze kitanda kimoja hivihivi,
chini ya darubini utaona ufa kati yao,
mweusi, mwembamba, wa watu wasiosemeshana.
Ndiyo maana tunatia mshenga,
unga mweupe, asilimia tatu tu,
mkono mmoja kamshika huyu, mwingine kamshika yule.
Pasipo mshenga hakuna ndoa. Kuna majirani.

Cha kwanza: thelathini na nane.
Cha pili: thelathini na saba na nusu.
Plastiki tupu, mpya, ukiivuta hurefuka kama ubani wa kutafuna,
hupauka kiunoni, hukubali, hukubali tena.
Hii yenye nyuzi haikubali.
Husimama imara, haipindi,
halafu pa!
Namfahamu mtu wa namna hiyo.
Niliishi naye miaka tisa.

Cha kumi na saba kilikatika kwenye kumi na tisa.
Mashine yenyewe ilionekana kushtuka.
“Tukifute, Bi Halszka,” alisema Ludomir,
“kinaharibu wastani.”
Ana miaka ishirini na minne, na wastani ni rafiki yake.
Nikakiweka chini ya darubini.
Pale kilipovunjika, punje ya rangi ya buluu,
ndogo kuliko ufuta,
rangi ya gari la mtu.

Kuna asubuhi mtu huyo alichagua buluu.
Kuna jioni, na barafu barabarani.

Sikukifuta.
Niliandika: kumi na saba, kumi na tisa nukta nne, rangi.
Nafasi ya maelezo ni ya maneno matatu.

Mwenye kiwanda cha viti atakuja Alhamisi.
Atauliza kwa nini asinunue mpya, safi, isiyo na harufu.
Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, ningemwambia,
lakini yeye anataka jedwali,
na jedwali litamwambia nusu:
kwamba yetu ni ngumu zaidi,
kwamba nyundo ikiipiga kwenye baridi hupasuka mapema,
kwamba asiweke viti vyake nje Januari.

Mchana, kazi ya joto.
Miligramu tano ndani ya kisahani cha alumini,
kidogo hivi kwamba nashikilia pumzi nisikipeperushe.
Tunakiyeyusha, tunakipoza polepole,
tunangoja kiamue kuganda.
Kipya, kwenye nyuzi mia na ishirini na nne, bado uji.
Hakina pa kushika. Kinasita, kinashuka, kinasita.
Cha takataka kimeshaganda.
Vumbi lake, masizi yake, mabaki ya safari zake
yamekipa mahali pa kuanzia.

Natazama mstari ukipanda kilima kabla ya wakati,
mguu wangu wenye pini mbili za titani umenyooka chini ya meza.
Ludomir anauliza nacheka nini.