Wale Watu Wako wa Mvua

Nilikinunua Makoroboi, chini, juu ya turubai,
elfu mbili, kimebanwa kati ya kitabu cha uhasibu
na Agano Jipya lisilo na jalada.
Mjapani kakiandika zamani, Mwingereza kakihamisha,
na mimi, kidato cha nne, daraja la tatu,
nakihamisha tena kwa kamusi na penseli
saa nane usiku, wakati wa mapumziko,
kiwandani Ilemela, nje ya chumba cha baridi.

Hakuna kinachotokea.
Mwanamume anarudi kazini. Anavua viatu.
Mkewe anamenya tunda ambalo kamusi yangu
inasema tu: aina ya tunda.
Nimeliita pera.
Kurasa arobaini wameketi wakitazama bustani,
na kati yao ipo barua
ambayo kila mmoja anajua mwenzake ameisoma.

Theluji, hiyo naielewa.
Inapoanguka juu ya paa la jirani yao
mimi nimevaa buti nyeupe na koti la bluu,
minofu ya sangara imelala kwenye trei,
pumzi yangu inanitoka kama moshi wa mgeni.
Nkwimba anagonga kioo: toka, utaganda na hicho kitabu!
Nje joto la ziwa linanipiga usoni,
na wadudu wa ziwani wamezima taa ya getini kwa wingi wao.

Nilimsimulia mama, Nyakato, tukichambua dagaa.
Kiingereza nikakivusha Kiswahili, Kiswahili Kisukuma,
na kila kivuko kitu kilidondoka,
kama mtu anayehama: godoro limefika, masufuria yamefika,
kijiko hakionekani.
"Pera halimenywi," akasema mama.
Najua.
"Kisha huyo mume akafanyaje?"
Akatazama mvua.
"Hana wajomba? Hakuna aliyeitisha kikao?"
Hakuna, mama.
Akamtupia paka kichwa cha dagaa.
"Basi watakufa na maneno mdomoni, ng'wanone."

Sikumwambia kuwa kitabu nacho kinasema hivyo,
ila kwa kurasa mia mbili.
Wala sikuitaja barua ya baba kutoka Geita,
iliyo ndani ya kopo la mafuta, chini ya vitenge,
ambayo nilirudisha mikunjo yake vibaya
mwaka juzi.

Kurasa za mwisho hazipo.
Mke anafungua mlango na
ndipo karatasi inapoishia, imechanika kwa mshazari.
Nilimrudia muuzaji. Alikuna kidevu,
akasema labda zilifungia karanga,
chukua kingine, hiki hapa cha upelelezi, kimekamilika.
Sikukichukua.

Jumamosi mama ananiuliza, macho kwenye ungo:
"Wale watu wako wa mvua, wameshaongea?"
Bado.
Anapepeta. Mchanga unaanguka, magamba yanapaa.
"Wape muda," anasema,
kisha, baada ya ungo mzima:
"Lile kopo limeshika kutu. Utaniletea jingine."