Pete ya Bwana Nishide

Milimita tatu tu. Naishika kwa koleo, naitundika
kwenye kulabu mbili za waya mwembamba kuliko unywele,
ndani ya kikombe cha kioo chenye maji ya chumvi na sukari,
nyuzi thelathini na saba, joto la mwili ambao haupo.
Viputo vya oksijeni vinapanda.
Saa mbili usiku, Wakayama. Mvua inagonga bomba la nje.

Ni pete, ila haivaliki.
Asubuhi ilikuwa mshipa tumboni mwa mkulima wa machenza.
Karatasi alitia sahihi mwenyewe, udongo ukiwa bado kwenye kucha,
akauliza: "Mtaipeleka wapi, Daktari Hamaguchi?"
Ghorofa ya tano, nikamwambia.
"Basi imenishinda ushujaa. Mimi lifti naiogopa."

Nusukaputi: nusu naishika mimi.
Ile nusu nyingine sijawahi kujua iko kwa nani.
Nilimsukumia dawa nyeupe kama maziwa,
akahesabu kumi, tisa, nane,
saba hakuifikia,
na presha ikaporomoka
kama ngazi iliyoteleza chini ya mchumaji.
Sitini. Hamsini na tano.
Nikamwinua miguu, nikafungulia maji, nikachoma ya kukaza,
nikasema maneno ambayo hayamo kitabuni.
Ikapanda. Wapasuaji hawakuinua hata macho.

Kwa nini yeye,
na si yule mama wa kabla yake, uzito ule ule, kipimo kile kile?
Sigara miaka arobaini. Kisukari kumi na tisa.
Kikulacho ki nguoni mwako: pumzi inayomweka hai
huacha makombo, oksijeni yenye elektroni moja isiyo na mwenza,
yenye kiherehere, yenye kupapura cha jirani.
Chuma kikishika kutu tunaona wekundu wake.
Mshipa hauonyeshi kitu.
Unaambiwa legea, unajifanya kiziwi.

Mwenye kumenya chenza anaujua ule utando wa ndani,
unaochanika kabla hujaugusa vizuri.
Wa mshipa ni mwembamba zaidi, safu moja tu ya seli,
na kazi yake ni kunong'ona.
Hunong'ona gesi. Msuli ukisikia, hulegea.
Kutu huidaka ile gesi njiani,
neno likafa mlangoni.

Tone la kwanza, la kukaza: mstari unapanda, gramu mbili na nusu.
Tone la pili, la kulegeza: unashuka kidogo, unasita,
kama mtu aliyeitwa kwa jina la nduguye.
Sasa ile nyeupe.
Nasubiri. Chai yangu imepoa, imeota ngozi.

Unateremka.
Taratibu, halafu si taratibu.
Je, dawa imezima kutu hata mnong'ono ukapita,
au imemlaza msuli tu
kama ilivyomlaza mwenye msuli?

Pete ya pili niliikwangua utando kwa uzi wa kushonea.
Bubu kabisa. Nayo imeteremka.
Si sawasawa. Kati ya mistari miwili pana upenyo
ambao mtu mvivu angeuziba kwa kidole gumba.
Mimi nimeinama juu yake hadi shingo inauma.
Pete mbili si ushahidi. Profesa Tsujimoto atataka thelathini,
na atauliza za nani, na zilivuta sigara ngapi.

Saa nne nikashuka wodini, kwa ngazi.
Midomo imemkauka, macho yako wazi.
"Ile yangu," akasema, "bado iko kazini?"
"Bado. Inakaza, inalegea."
Akatafakari dari.
"Iambie isikawie. Novemba hii sina kibarua."

Nikamshika kifundo cha mkono. Sabini na sita,
chini ya ngozi yenye harufu ya maganda.
Sikumweleza habari za ule mfuko mwekundu
unaochukuliwa ghorofa ya tano kila alfajiri.